Baridi Yako, Joto Langu

"Wifi, nakuomba, usizime!"

"Nazima. Tena nazima sasa hivi."

Kidole kikabonyeza rimoti. Kiyoyozi kilichokuwa kikinguruma ukutani kikashusha pumzi ndefu, kikanyamaza. Nje jua la mchana lilikuwa limekalia mabati ya mtaa mzima kama lina kesi nao. Mwalimu alijaribu kuinuka kitandani, akashindwa.

"Jikaze kidogo tu," wifi yake akasema, akifungua dirisha. "Watu wote mji huu wanaishi na feni. Wengine hata feni hawana. Wewe ni nani?"

"Unanijua mimi ni nani. Unajua na ugonjwa wangu."

"Ninachokijua ni kwamba kaka yangu anakwisha."

Wifi hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa akimwogesha Mwalimu na kumpikia, na alihamia pale kwa hiari yake. Lakini ndiye pia aliyekuwa akitumwa kununua umeme, na kila akirudi dukani alikuwa akirudi amenuna.

Mwalimu alifundisha darasa la tatu mpaka siku alipoanguka mbele ya watoto, chaki ikiwa bado mkononi. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu, wakaambiwa. Dawa ya kuumaliza hakuna, na adui yake mkubwa ni joto. Mwili ukipata joto miguu inakufa ganzi, macho yanaingia ukungu, ulimi unakuwa mzito kama wa mlevi. Akipoa anarudi kuwa mtu. Wiki ileile mumewe akaleta ile mashine. Kuinunua ilikuwa shughuli ya siku moja. Kuilisha umeme ndiko kulikokuwa kunawala wao, usiku na mchana, maana ule mji haukuwa na msimu wa kupoa.

Na kazi ya mumewe ilikuwa kuoka mikate. Alisimama mbele ya tanuri zamu mbili ili mkewe alale kwenye baridi.

Mlango ukafunguliwa. Mwokaji akaingia, shati limemganda mgongoni, mkate chini ya kwapa. Akausikia ukimya kabla hajamwona mtu.

"Nani kazima?"

"Mimi," dada yake akajibu. "Nipige basi."

Kaka mtu aliokota rimoti, akawasha, akafunga dirisha, akachovya kitambaa kwenye maji na kukiweka kwenye paji la uso la mkewe. Mwalimu alitaka kusema kitu. Yakatoka maneno yaliyopondeka.

"Usiongee, Mwalimu. Ngoja upoe kwanza."

"Na wewe atakupoza nani?" dada mtu akafoka. "Mwambie basi! Mwambie kiwanja kiko wapi!"

"Nyamaza."

"Sinyamazi! Wifi, kile kiwanja mlichopanda mipapai, mlichosema mtajenga nyumba ya vyumba vitatu, hakipo. Kimeingia kwenye hiyo mita. Pikipiki imeingia kwenye hiyo mita. Bado sisi wenyewe tu kuingia!"

Akatoka akilia, akaubamiza mlango.

Baridi ilipoanza kurudi chumbani, ulimi wa Mwalimu ukafunguka.

"Umeuza kiwanja chetu?"

"Ni ardhi tu. Ardhi ipo kila mahali."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia ungezima mashine. Nakujua."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akaenda kuoga. Simu yake ikabaki juu ya kitanda. Ikatetemeka.

Mwalimu hakuwa mke wa kupekua simu. Lakini ujumbe ulijitokeza machoni pake: "UMESHAMWAMBIA?" Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa Keshia, mwanamke anayepokea pesa pale kazini kwa mumewe.

Mwanamke anayeshinda kitandani ana muda mwingi wa kuwaza mabaya. Lakini hili hakuwahi kuliwaza. Akashika simu, akasoma kuanzia juu.

"Nikiwa kazini joto linaniua," mumewe alikuwa ameandika. "Nikirudi nyumbani naingia kwenye baridi ninayoilipia kwa damu yangu. Sijui kwangu ni wapi."

"Basi usirudi," yule mwanamke alikuwa amejibu. "Kwangu kuna feni tu, lakini kuna utulivu."

"Usinizoeshe. Nikizoea nitakuja."

"Njoo."

Hapo mumewe hakujibu kitu. Chini yake, jumbe za siku nyingine:

"Daktari kasemaje?"

"Figo. Anasema zimeharibika kwa joto na kukosa maji. Nikiendelea kukaa kwenye tanuri, nitaishia kuunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu."

"Mwambie mkeo."

"Atajiua kwa joto ili mimi nipone. Siwezi."

Mwokaji alitoka bafuni na taulo kiunoni. Akaona simu mkononi mwa mkewe. Akasimama palepale, maji yakimchuruzika miguuni.

"Unampenda?" Mwalimu akauliza.

"Hapana... Sijui. Sijawahi kumgusa."

"Sikukuuliza hilo."

"Ananiuliza nimekula nini. Ananiuliza nimelalaje." Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani. "Siku hizi mimi na wewe tunazungumza mambo gani, Mwalimu? Umeme umebaki kiasi gani. Mashine inavuja. Funga mlango, baridi isitoke. Kuna siku nafika hapo nje, nasikia ile mashine inanguruma, natamani nigeuze nirudi nilikotoka."

"Mbona hukugeuza?"

"Kwa sababu ikinguruma najua uko hai."

Mwalimu akafunga macho. Angekuta picha za aibu kwenye ile simu angejua la kufanya: angetukana, angeita ndugu, angevunja vyombo. Hili hakuwa na tusi lake.

"Na figo?"

"Zitapona."

"Usinidanganye kama mtoto wa darasa la tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha hao."

Mabega ya Mwokaji yakaanza kutikisika, na ndipo Mwalimu alipomwona mumewe akilia kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Alitaka kushuka amkumbatie. Miguu ikagoma. Akaunyoosha mkono tu, na mkono haukumfikia.

Kesho yake, mume akiwa kazini, Mwalimu alipiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa kaka yake mkubwa, seremala, aliyekuwa akiishi mji wa milimani, mbali sana.

"Kaka, kile chumba cha nyuma bado kipo?"

"Kipo, nimejaza mbao. Lakini huku baridi, mdogo wangu. Watu tunalala na masweta."

"Ndiyo ninayoitaka. Toa mbao."

"Unakuja na shemeji?"

"Toa mbao, kaka."

Ya pili, kwa namba aliyoinakili kwenye simu ya mumewe, iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Haloo?"

"Mimi ni mke wa Mwokaji."

Kwa mbali kikasikika kishindo cha droo ya pesa ikifungwa.

"Dada, naapa, huyo mwanamume hajanywa hata chai kwangu."

"Najua. Nimesoma."

"Sasa unataka nini?"

"Pale kazini kwenu kuna kazi isiyo ya tanuri?"

"Ipo ya kugawa mikate madukani. Malipo yake madogo. Nilimwambia akakataa, anasema hayatoshi umeme."

"Yatatosha. Mimi naondoka. Msimamie ahame tanuri, na asikose kliniki yake."

Keshia akavuta pumzi.

"Dada, mimi si malaika. Nikimwangalia, nitamwangalia kama mwanamke. Usije ukanipigia baadaye kunilaumu."

Mwalimu aliuma mdomo mpaka akahisi ladha ya chumvi.

"Anasahau kunywa maji," akasema. "Umkumbushe." Akakata simu.

Mwokaji alipopata habari aligeuka mbogo.

"Huendi popote! Nimeuza kila kitu ili ukae hapa, halafu uondoke?"

"Twende wote basi."

"Nitakwenda..." Akaanza kwa haraka, kisha sauti ikamfia. Kule milimani kulikuwa na zahanati moja, na muuguzi wa kupima malaria. Kliniki ya figo ilikuwa hapa, kwenye mji ambamo mkewe hakuweza hata kuvuta pumzi. Waliangaliana. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake.

"Mungu anatuonea," akasema.

"Usimtaje. Nisaidie kufunga nguo."

Walisafiri asubuhi, kabla jua halijachachamaa. Wifi alimbeba mgongoni hadi kwenye basi, akimwomba msamaha njia nzima.

"Si wewe, wifi. Wewe ulisema ukweli tu."

Mumewe alikaa naye kiti kimoja, akimkamulia vitambaa vya maji shingoni mpaka basi lilipoanza kupanda milima na madirisha kuingia ukungu. Alimfikisha, akamtandikia, akazunguka kile chumba akigusa kuta zilizokuwa baridi bila mtu kuzilipia.

"Nitakuja kila nikipata nafasi," akasema mlangoni.

"Njoo."

Alikuja. Kisha akaja tena. Kisha nauli ikawa ngumu, na kliniki ikaongezwa siku, na sauti yake kwenye simu ikaanza kuwa ya mtu anayepiga kwa adabu.

Asubuhi moja yenye manyunyu Mwalimu aliamka, akasimama bila kushika kitu. Akavuka chumba. Akavuka uwanja wenye vumbi la mbao, kaka yake akiwa ameduwaa na msumeno mkononi, akafika mpaka kwenye geti na kurudi. Akiwa bado uwanjani, akihema, akampigia mumewe.

"Nimetembea! Unasikia? Mpaka getini, kwa miguu yangu!"

Upande wa pili akamsikia akilia na kucheka kwa pamoja.

"Nilijua," akasema. "Nilijua ipo siku. Ningekuwepo nikuone, Mwalimu wangu. Ningekuwepo..."

Nyuma ya sauti yake, karibu kabisa, mwanamke akaita bila kelele, kama mtu aliye kwake: "Njoo ule, unywe na dawa."

Mvua ilikuwa inamlowesha Mwalimu nywele, na miguu yake ilikuwa imara chini yake.

"Nenda," akasema. "Chakula kitapoa."

"Mwalimu..."

"Nenda, baba. Na maji unywe."

Akasubiri mumewe akate kwanza. Alichelewa sana kukata, lakini alikata.