Mwanamke wa Jina Lake

Jumatatu ile watu walifurika ofisi ya usajili hadi ngazini. Kwenye dirisha la nne alikaa karani mwenye blauzi nyeupe iliyonyooka kwa pasi, na macho ya mtu asiyekubali kudanganywa. Kwa miaka tisa alikuwa amepokea majina ya ukoo ya kila namna: yaliyotokana na kazi ya babu, na mji walikotoka, na jina la kwanza la baba, hata yale yaliyobuniwa na karani wa zamani mwenye haraka zake. Alijiona anayajua yote, na hapo ndipo alipokosea.

Aliyefika dirishani alikuwa fundi wa lifti, kavaa ovaroli ya buluu, grisi imemganda kwenye kucha. Aliomba pasipoti, kwani kampuni yake ilitaka kumpeleka ng'ambo miezi sita kwa mafunzo.

"Jina lako la ukoo halifanani na la baba yako," karani alimwambia.

"Masikio ndiyo yanafanana. Kwenye fomu hakuna sehemu ya masikio?"

Karani alicheka bila kupenda. Fundi akaomba namba ya simu ya kufuatilia faili, akafuatilia kila kitu isipokuwa faili. Kila mchana alipiga akiwa juu ya lifti ya jengo fulani, kumuuliza karani wake kama amekula, naye akimsihi ashike nyaya kwanza, mapenzi baadaye. Wiki tano zikapita hivyo. Karani alimpenda, tusifichane.

Siku ya kupeleka faili kwa bosi, wasiwasi ukamwingia. Akaandika jina la ukoo la fundi kwenye kompyuta. Mjini mwao likatokea mara mbili tu: fundi, na mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nyumba ileile. Kwa karani, kama ilivyokuwa kwa mama yake na dada zake wote, mwanamke hubeba jina la mwanamume siku anapoolewa. Faili akalifungia kwenye droo.

Mchana simu ikalia.

"Nyumbani kwako unaishi na nani?" aliuliza.

"Na dada. Mtoto wa mama yangu mdogo."

"Mtoto wa mama yako mdogo ana baba yake. Jina lako kalipata wapi?"

"Kwetu sisi, mpenzi—"

Akakata. Hata wenye wake watatu huwa wanaishi na dada, alijiambia. Kwa siku kumi hakupokea simu yake, na kila mteja aliyetabasamu alimwona tapeli.

Siku ya kumi na moja fundi alikuja na mwanamke mwembamba, gauni la njano, uso umekunjamana kwa hasira. Yeye ndiye aliyesema. Vyeti vyao viwili vya kuzaliwa aliviweka juu ya meza.

"Soma majina ya mama zetu, wifi. Ni ndugu wa tumbo moja. Kwa upande wao jina hupita kwa wanawake. Bibi aliwapa mama zetu, wao wakatupa sisi. Baba zetu wamebaki na yao, na hakuna aliyekufa kwa hilo."

Karani alisoma, akarudia. Ilikuwa kweli tupu.

"Na faili langu?" fundi aliuliza taratibu.

Karani alipofungua droo, aibu ilimwunguza masikio. Ndege ambayo fundi angepanda ilikuwa imeondoka juzi. Kampuni ilikuwa imempeleka fundi mwingine.

Fundi akageuka kuondoka na dada yake, na karani akamkimbilia hadi ngazini, mbele ya foleni nzima. "Nimekukosea. Nilikupenda, nikakuogopa, nikakufungia kwenye droo."

Fundi aliegemea ukuta. Dada yake alitangulia chini.

"Nilipanga nikirudi nilete wazee kwenu," alisema. "Nikuoe. Na kwa desturi yetu watoto wangechukua jina lako."

"Wangechukua?" Machozi yalikuwa yanamtoka.

Fundi aliinua macho, akamtazama. Hasira bado ilikuwepo, na mapenzi pia.

"Watachukua," alisema mwishowe. "Mimi nitabaki na jina langu peke yangu nyumba nzima. Siku moja karani kama wewe atatukagua, aseme mimi ni mpangaji."

Karani alijifuta machozi kwa mkono wa blauzi. "Basi na aulize kwanza," alisema, "halafu asubiri ajibiwe."