Siagi Iliyokuwa Kibuyuni

Mimi naitwa Minza. Nakaa Bariadi mjini na mume wangu Paschal na binti yetu Veronica. Kwetu Jumamosi ni siku ya keki. Naweka sufuria jikoni, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko, na majirani wanaanza kunusa. Zamani nilijivunia keki zangu kupita kiasi. Hii ni habari ya keki iliyonitoa majivuno.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja kwetu na maduka yakajaa vitu. Sisi tuliokuwa tumezoea foleni ya sabuni tulichanganyikiwa kwa furaha. Kitu cha dukani ndicho kilikuwa kitu. Cha nyumbani tulikidharau.

Veronica alikuwa apate kipaimara Jumapili. Ijumaa mama mkwe wangu, Milembe, akafika kutoka Bukundi. Alibeba kibuyu kilichofunikwa kwa kitambaa.

"Mwadila, ng'wanone," alinisalimu Kisukuma, akiniita mwanangu.

"Mwadila, Mayu," nikaitikia. Mayu ni mama.

"Nimemletea mjukuu wangu samli. Nimesuka maziwa wiki tatu. Weka kwenye keki yake, aonje ng'ombe wa kwao."

Nikafungua kibuyu. Kilinukia moshi. Majirani wawili walikuwa wameketi pale, nami nikaona haya.

"Mayu, keki inataka siagi," nilisema. "Hii ni ya kulainishia ngozi."

Majirani wakacheka. Mayu hakucheka. Alikifunika kibuyu polepole, akakirudisha kwenye kikapu chake.

Kesho yake nikaenda dukani kwa Nyanda kununua siagi ya kopo.

"Hakuna, mama Vero," alisema. "Mvua imekata barabara. Lori limekwama."

Nikanunua mafuta ya kupikia. Daftari langu la mapishi lilisema kikombe kimoja cha siagi, basi nikamimina kikombe kimoja cha mafuta. Nikakoroga vyote pamoja. Sikuuliza mtu. Niulize nini, mimi fundi?

Keki ikaumuka, kisha ikabonyea katikati. Ukishika kipande, mafuta yanachuruzika vidoleni. Jumapili wageni walionja, wakasukuma sahani pembeni. Mayu peke yake alimaliza kipande chake chote.

"Asante, ng'wanone," alisema, akifuta vidole.

Afadhali angenigombeza. Jumatatu asubuhi alipanda basi kurudi Bukundi, na kibuyu chake mkononi.

Wiki ile nilimweleza bibi maendeleo wa kata yetu, Lukresia. Ni mwanamke mcheshi, lakini hafichi ukweli.

"Mafuta hayana kosa," alisema. "Kosa ni kipimo. Siagi ina maji kidogo ndani yake. Mafuta hayana maji. Kama daftari linasema kikombe kimoja cha siagi, weka robo tatu ya kikombe cha mafuta. Ongeza vijiko vitatu vya maziwa."

"Kumbe! Na mbona ilibonyea?"

"Ulikoroga vyote pamoja. Mafuta hayashiki hewa kama siagi. Piga kwanza mayai na sukari mpaka yatoe povu zito. Halafu mimina mafuta kidogo kidogo. Na ununue mafuta yaliyosafishwa. Yale meusi ya mbegu za pamba, yanayotoka moja kwa moja kwenye mashine, si ya kula."

"Na samli je?" niliuliza kwa sauti ndogo.

"Samli ni siagi iliyochemshwa mpaka maji yakaisha. Kipimo chake ni kama cha mafuta. Ukiona inanukia moshi, tia iliki. Kwani samli unayo?"

Nikamsimulia yote. Lukresia hakucheka hata kidogo.

"Minza, hiyo ya kopo unayoililia imetengenezwa kwa mafuta ya mimea ili ishike nafasi ya siagi ya maziwa. Siagi yenyewe ililetwa mlangoni kwako, ukaifukuza."

Maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Jumamosi nikapika tena, kwa kipimo cha Lukresia. Keki ilitoka laini na kavu vizuri. Paschal alikula vipande vitatu. Ningefurahi, lakini moyo ulikuwa Bukundi. Nikapika nyingine, nikaifunga kwenye khanga, nikapanda basi.

Nilimkuta Mayu anachota unga kwa kata mpya. Nikapiga magoti.

"Mayu, nisamehe. Nilikuaibisha mbele za watu. Nimekuja kukuomba samli. Nimejifunza kuitumia."

Alinishika mkono, akaniinua.

"Nimekusamehe siku nyingi, ng'wanone. Ila samli nilimpa jirani. Na kibuyu changu cha kusukia maziwa nimekipasua. Niliona hakuna wa kumsukia tena."

Nikaitazama ile kata mkononi mwake. Ilikuwa nusu ya kibuyu, na ndani ilikuwa bado inang'aa mafuta ya miaka mingi.

Nikafungua khanga. Mayu alimega keki, akatafuna taratibu, akamega tena.

"Tamu kweli. Umeweka siagi?"

"Hapana, Mayu. Mafuta tu."

"Ah," alisema. "Sasa ile ya Vero, kwa samli yangu, ingekuwaje?"