Miti Mia Mbili ya Daftarini

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya gwaride la shule, Naeku alipangusa masizi kwenye dawati lake, akachungulia dirishani kutazama bomba la moshi la kiwanda cha chuma, kisha akaandika kwenye daftari la Chama cha Mazingira: "Moshi mweusi." Jana mweusi. Juzi mweusi. Hata kalamu ilikuwa imelichoka neno hilo.

Kwenye lango la kiwanda, nje kidogo ya mji wa Kitengela, kulikuwa na bango: TUTAPUNGUZA HEWA YA UKAA KWA NUSU. Lilikuwa na miaka mitatu, na masizi yalikuwa yamelipaka mpaka hilo neno NUSU likasomeka nusu. Nyumbani, mdogo wake Purity alikuwa anakohoa kama mbuzi mzee. Naeku alikuwa amekasirika hadi kwenye visigino.

Kwa hiyo Bi Namalwa, afisa wa mazingira wa kiwanda, alipotembelea shule, Naeku ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama.

"Madam, mliahidi nusu. Mbona moshi ni ule ule?"

"Swali zuri," Bi Namalwa akatabasamu. "Tanuru moja bado linachoma makaa ya mawe. Lakini tuna miti ya kufyonza hiyo hewa. Hapa kwenu pekee kuna mia mbili, imestawi vizuri. Si mmeandika wenyewe?"

Akainua ripoti. Chini palikuwa na sahihi: Naeku, Katibu.

Naeku akahisi masikio yakiwaka. Miche mia mbili waliipanda kweli mwaka jana, nyuma ya vyoo. Lakini tangu siku hiyo hakurudi kuitazama. Jua lilikuwa kali, na kunakili namba ya muhula uliopita hakuchomi mtu miiba. Halafu ukame ukaja.

"Katibu," Melvin akanong'ona nyuma yake, "si umwambie mbuzi wa kwenu wameshiba?"

"Nyamaza, wewe!"

Angeweza kukaa chini. Waliojua ni Melvin na mbuzi, na mbuzi hawaandiki barua. Lakini uwongo wake ndio uliokuwa unalifunika lile tanuru, na Purity alikuwa anakohoa.

"Madam, hiyo namba ni ya uwongo. Niliiandika mimi."

Darasa likacheka. Mwalimu Ouko akafumba macho kama aliyeumwa jino. "Haya, twendeni tukahesabu," akasema.

Wakaikuta miti thelathini na mmoja, na mbuzi mwenye doa jeupe akitafuna wa thelathini na mbili. Meitamei, baba yake Naeku, aliyekuja kama mwakilishi wa wazazi, akakohoa kidogo, akatazama upande wa barabara ya Namanga kana kwamba mbuzi huyo hamjui.

Bi Namalwa akakata ile mia mbili kwa kalamu nyekundu. "Basi sina pa kujificha," akasema taratibu. "Wakubwa wangu watapata thelathini na moja, na watajua kwamba lile tanuru lilipaswa kuzimwa mwaka jana."

Na wakalizima, baada ya barua nne na maneno makali, mwezi wa nane. Wanafunzi wakapelekwa kulishika kwa mikono yao. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Jumamosi iliyofuata, Naeku na baba yake walikata matawi ya miiba wakaizungushia miche mipya.

"Baba, kumbe mimi na kiwanda tulikuwa kitu kimoja," Naeku akasema kwa uchungu.

"Mlikuwa. Sikiliza, mwanangu. Sisi wafugaji hatuhesabu ng'ombe kwa namba. Jioni nasimama langoni, namtazama kila mmoja rangi yake na pembe zake. Ambaye hajaingia hayupo, hata kama asubuhi alitoka akirukaruka. Ahadi pia ni hivyo. Usiisifu wakati wa kutoka. Simama langoni uone kama imerudi. Na ukitaka kumwuliza mwingine ng'ombe wake wako wapi, anza na boma lako."

Naeku akachomwa na mwiba, akanyonya kidole. "Na yule mbuzi wako?"

"Huyo mwache," Meitamei akasema. "Yeye hakuahidi mtu chochote."