Ukuta Uliofunikwa kwa Treni

Sogeeni, akina mama wenzangu. Na nyinyi akina baba mnaojifanya mambo haya hayawahusu, sogeeni pia. Nawasimulia ya jirani yetu Yuniarti, ambaye sisi wa kichochoro hiki cha mji wa Malang, Indonesia, humwita Mama Galih. Simsemi ili mmcheke. Mwenyewe ameniruhusu, tena amesema nisipunguze kitu.

Nyumba yake ilikuwa na amani. Mumewe, Priyo, ni fundi wa feni na redio, na kila jioni alikuwa amesharudi kabla ya adhana ya magharibi. Mama mkwe wake, Bibi Sarmi, alilala chumba kimoja cha juu na mjukuu wake Galih, mtoto wa miaka mitano. Na huyo Galih alikuwa na wazimu wa treni! Reli inapita nyuma ya nyumba yao, na honi ikilia tu, mtoto aliacha wali mdomoni akakimbilia dirishani. Yeye na bibi yake walifunga makopo ya biskuti kwa kamba, wakayapanga sakafuni, wakasafiri hadi mji wa Surabaya bila kutoka chumbani.

Kifua cha Galih kilikuwa chepesi kubana msimu wa mvua, lakini Bibi Sarmi alijua namna ya kukilinda. Alimpaka mafuta ya mkaratusi kila alipomlaza. Na kila Ijumaa aliusugua kwa siki ukuta wa upande wa mfereji wa maji ya paa, kwa sababu ukuta ule hutota mvua zikianza, kisha akauacha wazi upigwe na hewa. Chumba hakikuwa kizuri cha kutazama, ila mtoto alilala vizuri.

Basi ikafika zamu ya Mama Kirana kuwa mwenyeji wa kikao cha upatu. Tulipomaliza kula tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, na kunywa chai, akasema kwa haya kidogo, "Njooni juu mwone chumba cha Kirana. Anapenda samaki, nikamtengenezea bahari."

Tukapanda. Jamani! Kuta za buluu, samaki wa vitambaa wananing'inia darini, kitanda kama kombe la baharini. Kila mtu akawa mashallah, mashallah. Kila mtu isipokuwa Mama Galih, aliyesimama mlangoni roho ikimuuma kama ametiwa pilipili. Kwa nini yeye? Ana nini huyu ambacho mimi sina? Alihesabu samaki wale mmoja mmoja, na kila samaki alimchukia.

"Mama Galih, mbona kimya?" akauliza Mama Tutik, ambaye mdomo wake hauna breki. "Samaki wamekula ulimi?"

Tukarudi chini, tukatikisa glasi yenye vikaratasi vya majina ili tumjue mwenyeji wa mwezi unaofuata. Kikadondoka cha Mama Galih.

"Haya sasa!" Mama Tutik akapiga makofi. "Na wewe utatupandisha juu, au utatuonyesha yale makopo ya biskuti?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, sitaficha. Mama Galih aliona wazi kwamba hata Mama Kirana amecheka, na hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani.

Hakulala kwa wivu. Kulipokucha alishaamua.

"Chumba cha Galih nakigeuza kuwa kituo cha treni," alimwambia mama mkwe wake. "Kitanda cha umbo la kichwa cha treni, na ukutani karatasi nene za kubandika zenye picha za mabehewa, dari hadi sakafu."

"Karatasi hadi ukuta wa mfereji?" Bibi Sarmi aliuliza. "Mwanangu, ule ukuta unatota. Ukiuziba sasa na mvua hizi, utaoza ndani kwa ndani."

"Mama, wageni waone ukuta wenye madoa?"

"Wageni wataona mara moja. Mtoto analala humo kila siku."

"Kwa kweli Mama hutaki tu tuwe na kitu kizuri," akajibu. Maneno hayo yalimtoka mbele ya mumewe, na Priyo akajifanya anatafuta bisibisi. Wanaume nyinyi!

Kitanda cha Bibi Sarmi hakikuwa na nafasi katika kituo cha treni, kikahamishiwa chumba kidogo kando ya jiko. Makopo ya biskuti yakatupwa. Galih alipoona kitanda kipya aliruka kwa furaha, akakumbatia magurudumu yake ya mbao. Halafu akageuka.

"Bibi atakaa behewa gani?"

"Bibi ana chumba chake. Na usiguse ukuta, utachafua."

Wiki ya pili mtoto akaanza kukohoa. Bibi Sarmi alikuwa mbali, hakumsikia usiku. Lakini asubuhi moja aliingia kufagia, akasimama akinusa.

"Kuna harufu humu. Bandua hata kipande kimoja tu tuone."

"Nikibandua itachanika. Kikao ni Jumapili, Mama. Nitabandua baada ya kikao."

"Msikilize mwanao anavyopumua!"

"Ni mafua tu. Watoto wote wana mafua."

Ndugu zangu, Mama Galih hakuwa mama mbaya. Aliisikia ile sauti kifuani mwa mwanawe, mluzi mwembamba, na alikuwa akiijua tangu mtoto ana mwaka mmoja. Ila kila alipotaka kunyoosha mkono aibandue karatasi, aliwaona samaki wale wa vitambaa, akamsikia Mama Tutik akipiga makofi, mkono ukashuka.

Jumapili tukaja. Akatupandisha juu kabla hata ya chai. Galih amevalishwa kofia ya mkuu wa kituo, amesimama kando ya kitanda na filimbi shingoni. Chumba kilipendeza, nisiwe mchoyo. Hata Mama Tutik akasema mashallah. Mama Galih akamtazama Mama Kirana usoni, akingoja kuona wivu wake ukihamia kwa mwenzake.

"Galih, piga filimbi treni iondoke!"

Mtoto akaweka filimbi mdomoni. Haikulia.

"Anaona haya," Mama Galih akacheka. "Piga, mwanangu. Kwa nguvu!"

Akajaribu tena. Mabega yakapanda hadi masikioni, shingo ikabonyea, filimbi kimya. Wengine wakacheka. Mama Galih akakasirika, maana siku yake ilikuwa inaharibika mbele ya watu. "Usinitie aibu, Galih! Piga!"

Ni Mama Kirana aliyesukuma watu akapita. "Haoni haya huyu! Hapumui! Tazameni midomo yake!"

Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya zambarau. Mama Kirana alishamnyakua, anateremka ngazi anapiga kelele aletewe funguo za pikipiki. Mama Galih alipanda nyuma bila viatu, mwanawe katikati yao, na njia nzima hakuweza kusema ila "Ya Rabi, ya Rabi."

Zahanatini walimwekea mashine ya mvuke wa dawa mdomoni. Kifua kikaanza kushuka na kupanda. Daktari akauliza, "Mtoto analala wapi? Kuna unyevu, kuna ukungu ukutani?"

Mama Galih akatikisa kichwa kukubali.

Wakakaa kwenye benchi, yeye na yule aliyemchukia mwezi mzima. Hatimaye akasema, "Nilikuonea wivu. Chumba kile nilikitengeneza ili nikushinde wewe."

Mama Kirana akamgeukia. "Unajua kwa nini niliweka bahari? Baba yake yuko melini, mwezi wa kumi na tisa huu. Kirana alikuwa halali usiku, analia. Nikamwambia, basi tulale alipo baba." Akajifuta macho kwa kona ya ushungi. "Mimi ndiye nilikuwa nakuonea wivu. Mumeo akirudi jioni naisikia sandali yake uchochoroni. Na mwanao analala na bibi yake."

Mama Galih akalia hadi muuguzi akaja kumtuliza.

Siku ya pili alibandua karatasi kwa kucha zake. Nyuma ya mabehewa yale mazuri ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu, tangu sakafuni hadi usawa wa mto wa mtoto. Akaketi chini akausugua kwa siki mwenyewe. Kisha akaenda kando ya jiko, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Rudi ulale na mjukuu wako."

"Inuka, mwanangu," akasema Bibi Sarmi. "Nishikie kitanda upande ule, kizito."

Galih alirudi kutoka zahanati siku ya tatu. Alitazama kuta tupu, akatazama kitanda cha bibi yake kilichosogezwa nyuma ya kichwa cha treni, akapiga filimbi. Ililia mpaka kwetu.

FUNZO

Akina mama na akina baba, kumpambia mtoto chumba si kosa. Kosa ni kumpambia jirani chumba halafu ukamlaza mtoto humo. Wivu ulimfanya Mama Galih azibe ukuta aliojua unatota, amhamishe aliyekuwa akimlinda mwanawe, na amgombeze mtoto aliyekuwa akikosa pumzi. Na yule aliyemwonea wivu alikuwa akilala peke yake, akisikiliza sandali za mume wa mwenzake. Ukirudi leo kutoka kwa jirani na roho inakuuma, usitazame kuta zako. Ingia alipolala mwanao, uinamishe sikio, umsikilize anavyopumua.