Ukurasa wa Nne wa Mpelelezi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kukagua mkoba wake. Penseli, rula, kifutio, daftari. Alikigusa kila kitu kwa kidole ndipo akaufunga. Watu walimwita Mpelelezi tangu siku alipoipata miwani ya babu yake, iliyokuwa imetafutwa na nyumba nzima, ikiwa juu ya kichwa cha babu mwenyewe. Jina hilo lilimkaa vizuri. Tangu hapo kila jambo aliliona lina jambo jingine nyuma yake.

Ijumaa moja alichelewa kuamka, akatoka mbio bila kukagua kitu.

Juma hilo zima mwalimu wa Kiswahili alikuwa akiwafundisha jinsi hadithi fupi inavyojengwa. Alifunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlangoni, mithili ya kamba ya kuanikia nguo, akabana juu yake karatasi nne.

"Ya kwanza ni mwanzo," alisema. "Tunamjua mtu wetu na mahali alipo. Ya pili, tatizo linaingia. Ya tatu ni katikati: mtu anatafuta, anakosea, anajaribu tena, mambo yanapanda hadi kileleni. Ya nne ni mwisho."

"Na dhamira tunaibana wapi, Mwalimu?" aliuliza mvulana mmoja mwenye maneno mengi, ambaye wenzake walimwita Redio.

"Haibanwi. Dhamira ni kile unachobaki nacho kichwani karatasi zikishaanuliwa."

Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta hadithi ya kurasa nne siku ya Ijumaa na kuibana kwenye kamba hiyo. Moja ingechaguliwa isomwe siku ya wazazi. Mpelelezi aliitaka nafasi hiyo hadi usingizi ukampaa. Hata mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameshaonywa asipokee kazi siku hiyo.

Basi walipotoka mstarini, Mpelelezi akafungua mkoba. Kurasa zilikuwa tatu. Akazipanga upya. Tatu. Akaupindua mkoba, akaukung'uta; kikaanguka kifutio tu. Ukurasa wa nne, wenye mwisho wa hadithi, haukuwepo.

Macho yakaanza kazi yao. Nani alibaki darasani wakati wengine wako mstarini? Msichana waliyemwita Kimya, kwani zamu ya kufagia ilikuwa yake. Kimya alikuwa jirani wa Mpelelezi dawatini, msichana ambaye angeweza kumaliza siku nzima kwa maneno kumi. Na jana, kati ya maneno hayo kumi, alikuwa ameuliza, "Hadithi yako inaishaje?" Kwa nini aulize?

Akageuka ghafla. Kimya akafunika karatasi kwa kiganja, kisha akaisukuma chini ya daftari.

"Unaficha nini?"

"Hakuna kitu."

"Kama hakuna kitu, nionyeshe."

Kimya akatikisa kichwa. Alikwepa kumtazama usoni. Kwa Mpelelezi, hapo kesi ilikuwa imekwisha.

Zamu yake ya kubana karatasi ilipofika, alibana tatu, akawageukia wenzake. "Ya nne ameiba Kimya," alisema kwa sauti ya juu. "Yuko nayo chini ya daftari."

Darasa likalipuka. "Mrudishie mwisho wake!" alidakia Redio. "Kumbe kimya chake ni cha kunyemelea!" Wengine wakapiga madawati. Kimya aliinamisha uso, machozi yakadondokea daftari, lakini mkono wake haukuiachia ile karatasi.

Mwalimu aliinua chaki, kelele zikafa. Akagawa ubao sehemu nne.

"Tuijenge hadithi hii, Mpelelezi. Mwanzo?"

"Nilikuja shule na hadithi yangu."

"Tatizo?"

"Ukurasa mmoja umepotea."

"Mwisho?"

"Kimya ameuiba."

Mwalimu akayaandika yote. Sehemu ya tatu ikabaki tupu. "Na katikati?"

"Kuna ushahidi, Mwalimu. Alibaki peke yake. Aliuliza mwisho wangu. Anaficha karatasi."

"Hizo ni sababu za kwenda kutafuta. Je, umetafuta?" Mpelelezi akazitazama karatasi zake tatu kambani. "Umeruka kutoka kwenye tatizo hadi mwisho. Nenda ukatafute katikati, uniletee Jumatatu. Nami simpekui mtu kwa kushukiwa tu."

Kimya alihamia dawati la nyuma. Wakati wa kutoka, Redio na wenzake walificha kalamu zao kila alipopita, kisha wakacheka. Mpelelezi hakucheka, lakini hakuwakataza. Njia nzima alijiambia kwamba Mwalimu anampendelea yule msichana. Na hilo nalo akaliona lina jambo nyuma yake.

Nyumbani, chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana ya mama yake. Cherehani ilikuwa karibu na dirisha, na meza ndefu ya kukatia nguo ilijaza upande mmoja. Mama alikuwa na mtindo wake wa kazi: karatasi yoyote aliyoikuta, iwe ya gazeti au ya kalenda ya zamani, aliikata kwa umbo la kola au la mfuko, akaiweka juu ya kitambaa na kuizungushia chaki. Baadaye aliitundika msumarini. Watoto walikuwa na amri moja tu katika chumba hicho: daftari lisiguse ile meza.

Muuguzi wa zahanati alikuwa amekuja kujaribu gauni lake la kazi.

"Simama wima, dada," mama alisema, pini mdomoni. "Nawe mwanangu, uso huo umeutoa wapi? Nipe ile ya kola, hapo msumarini."

Mpelelezi akaichukua. Ilikuwa karatasi yenye mistari. Juu yake, kwa mwandiko anaoufahamu kuliko mwandiko wowote duniani, palisomeka: *Ushahidi ulipoonekana, kila mtu akajua kwamba mwizi ni na*. Hapo mkasi ulikuwa umepita.

"Mama! Hii umeitoa wapi?"

"Ilikuwa mezani leo alfajiri. Ukiacha karatasi juu ya meza yangu, ni kola hiyo."

Mpelelezi alikuwa ameandikia mezani hapo Alhamisi jioni, mama alipotoka kupeleka nguo za mteja. Amri ameivunja yeye, karatasi ameiacha yeye. Akakaa juu ya vitambaa vilivyokatwa, akalia hadi muuguzi akauliza kama gauni lina kasoro.

Jumatatu hakungoja kuitwa. Alisimama mbele ya darasa zima, kwa sababu mbele ya darasa zima ndipo alipotoa shutuma. Akaibana kola ya karatasi kwenye kamba.

"Kimya hakuiba," alisema. "Niliisahau mezani kwa mama. Nilimwita mwizi bila kutafuta hata nyumbani kwetu. Kimya, nisamehe."

Kicheko kilianza, kikakatika chenyewe. Kimya alinyanyuka polepole, akaja na ile karatasi yake. Ilikuwa tupu, imefutwafutwa kwa kifutio hadi ikatoboka.

"Mwisho wangu ulikataa kuja," alisema. "Ndiyo maana nilikuuliza wako. Niliona aibu."

Mwalimu akampa chaki. "Katikati tumeipata. Mwisho wa hadithi ya ubaoni uandike wewe, maana wewe ndiye uliyeumizwa."

Kimya aliisoma sehemu ya nne ya ubao. Kisha akafuta maneno *Kimya ameuiba*, akaandika: *Msichana alirudi kwenye dawati lake la zamani, akamwambia jirani yake: safari nyingine niulize, kisha ungoje jibu.*

"Hiyo ndiyo itakayosomwa siku ya wazazi," Mwalimu alisema. "Mtaisoma wawili. Haya, dhamira yake ni nini?"

"Usiandikie kwenye meza ya fundi!" alijibu Redio. Darasa likacheka, na Kimya naye akacheka.

"Hiyo ni kweli, lakini ni ndogo," Mwalimu alisema. "Shaka si kosa, wanangu. Shaka inakutuma ukatafute. Kosa ni kumhukumu mtu kabla hujatafuta, na wale wanaopiga madawati wana fungu lao katika kosa hilo. Na anayemchafua mwenzake hadharani, amsafishe hadharani, kama alivyofanya huyu."

Redio akatazama chini. Mpelelezi akarudi kwenye dawati lao, akasogea, akamwachia Kimya upande wa dirishani.