Mgeni wa Meza ya Saba

Kengele ya mlangoni ililia mara tatu mchana ule, na mara zote tatu mlango haukufunguka.

Ilikuwa kengele ndogo ya shaba, imefungwa juu ya mlango kwa kamba nyembamba, na katika mkahawa ule ilikuwa na sheria yake. Ikilia, kila mfanyakazi, hata aliyetumbukiza mikono kwenye beseni la vyombo, lazima apaze sauti: "Karibu!" Mteja akitoka ikalia tena, ni "Asante, karibu tena!" Mwenye mkahawa aliileta sheria hiyo kutoka ng'ambo, alikofanya kazi miaka tisa katika jiko la mama mmoja wa Kimalesia aliyeolewa na Mthai. Huko huko alijifunza supu yake ya kamba na mchaichai, tambi zake za ukwaju, na mishikaki ya kuku yenye mchuzi wa karanga. Wateja walimwita Mama Ukwaju. Mpwa wake, binti wa kaka yake marehemu, alimwita shangazi, na ndiye aliyehudumia meza zote kumi na mbili. Binti huyo alijaliwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, na wala hakuwa mchoyo nayo. Miaka mitatu ya kazi ilitosha wateja kumbatiza jina: Dada Karibu.

Basi mchana ule alikuwa ameinama anafuta bilauri. Kengele ikalia. "Karibu!" Ikalia tena. "Karibu!" Ya tatu aliitikia kwa kuudhika kidogo, maana saa saba mchana, mkahawa umejaa, si saa ya watu kuchezea mlango. Jikoni nako shangazi na Moshi, mpishi msaidizi, waliitikia kama kawaida. Alipoinua uso hakuona mtu mpya. Aliona tu kwamba kiti cha meza ya saba, ile ya ukutani kando ya friji ya soda, kimevutwa nyuma.

"Hata upepo umepata njaa," Moshi alisema kupitia dirisha la jikoni. Huyo Moshi hakukosa la kusema hata msibani.

Baada ya muda mfupi aligonga dirisha na kusukuma bakuli. "Supu ya kamba, meza ya saba."

"Meza ya saba haina mtu."

"Oda umeandika wewe, mimi ni nani nibishe?"

Alimwonyesha karatasi. Ni kweli, mwandiko ulikuwa wake, hata ile saba yake yenye kimkia. Dada Karibu hakukumbuka kuiandika. Alijiambia kwamba kichwa kimechoka, akaipeleka supu, akaiweka mbele ya kiti kitupu, akaenda kuhudumia wengine. Mara mbili alisikia kijiko kikikwangua chini ya bakuli, kwa uroho, kama mtu anayemalizia tone la mwisho. Mara mbili aligeuka, na mara mbili bakuli lilikuwa limejaa.

Lilirudi jikoni vile vile, kamba wake sita wakielea. Moshi, ambaye hajapata kumwacha kamba apotee bure, alimtupa mmoja mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Nani kapika maji?" aliuliza.

Shangazi akaonja. Akatia chumvi, akaonja, akatia tena, akaonja. Mwisho alichota chumvi yenyewe kwa kidole na kuiweka ulimini.

"Hii si chumvi," alisema. "Mmeniletea mchanga."

Mpwa wake akaionja pia. Ilikuwa chumvi, tena kali ya kukunja uso.

Kesho yake saa saba kiti kilivutwa tena, na karatasi ilikuwepo: meza ya saba, tambi. Safari hii mkahawa mzima ulisikia harufu ya sufuria tupu iliyosahaulika motoni. Wote watatu walikimbilia jikoni na hawakukuta kitu kinachoungua. Harufu ile haikutoka jikoni. Ilitoka kando ya friji ya soda. Siku hiyo ulimi wa shangazi ulipoteza sukari. Siku ya tatu mgeni alikula mishikaki, na jioni shangazi alitafuna pilipili mbichi tatu, mbegu na yote, huku akimtazama mpwa wake kwa macho makavu.

"Hakuna kitu," alinong'ona. "Mwanangu, hakuna kitu kabisa."

Ni vizuri mtu ajue ulimi ule ulikuwa nini. Mama Ukwaju hakuwahi kupima kitu kwa kijiko wala kuandika pishi lolote. Kila kitu kilikaa ulimini: chumvi isizidi wapi, ndimu iingie lini, tui liondolewe motoni likiwa na utamu gani. Kwa ulimi huo alitoka ng'ambo, kwa ulimi huo alifungua mkahawa, na kwa ulimi huo alimlea mtoto wa kaka yake tangu akiwa na miaka minne. Usiku ule Dada Karibu alilia kwa hofu, akijifunika mto mdomoni asisikike chumba cha pili.

Siku ya nne ndipo mzaha ulipokwisha. Ilipofika saa saba harufu ile ya sufuria tupu ilijaa mpaka wateja wawili wakafunika pua na kuondoka, na Dada Karibu alipokimbilia jikoni alimkuta shangazi yake amesimama mbele ya chungu cha supu kinachotokota kwa mapovu, upawa mkononi, anachota na kunywa, anachota na kunywa, supu ya moto ule ambao hata chuma huuogopa, midomo imeshaanza kututumka malengelenge, ngozi ya kidevu imegeuka nyekundu, na yeye bila hata kupepesa macho anatikisa kichwa kwa masikitiko na kusema, "Bado haina kitu, mwanangu, bado haina kitu, niongezee moto," huku nje, mezani pasipo na mtu, kijiko kikikwangua, kikikwangua, kikikwangua.

Moshi alimnyang'anya upawa.

Walifunga mlango, wakamwita Mama Cherehani. Alikuwa fundi wa nguo wa duka la pili, mama mfupi mwenye pini kifuani na futi ya kupimia shingoni, mkali kuliko pini zake. Mambo ya majini alirithi kwa mama yake na hakuyapenda. Aliingia akilalamika kwamba ana gauni la harusi halina mikono. Alipovuta pumzi mara moja tu, aligeukia friji ya soda.

"Lini liliingia?"

"Jumatatu," Dada Karibu alijibu kwa sauti ya chini.

"Nani alilikaribisha?"

"Hakuna aliyelikaribisha, mama."

"Hakuna?" Mama Cherehani alimtazama juu ya miwani. "Mtaa mzima tunakusikia kutwa nzima. Jini lina adabu kuliko wewe, binti. Haliingii pasipo kuitwa. Kengele lililiza lenyewe, likangoja. Mkaliita mara ngapi?"

Dada Karibu aliitazama kengele. "Tatu," alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyetangulia."

"Nyamaza," shangazi alimwambia kupitia midomo iliyovimba. "Sheria niliiweka mimi."

Mama Cherehani alimtaka shangazi atoe ulimi. Akaudondoshea ndimu. Shangazi akafumba macho, na uso wake ukajikunja kidogo, kidogo sana.

"Limekubakishia uchachu. Uchachu ndio jina lako, limeuweka wa mwisho. Likiumaliza kesho, ulimi hautarudi tena."

"Tulifukuze!" Moshi alisema. "Tufukize ubani, tumwage..."

"Ulilialika, halafu ulifukuze? Litakasirika, na litakuwa na haki." Mama Cherehani alichomoa pini, akaichomeka tena. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyie mmelilisha siku nne, supu, tambi, mishikaki, kazi bado hamjalipatia. Jembe liko wapi?"

"Jembe la methali au jembe la kweli?" Moshi aliuliza.

"La kweli, mpumbavu wewe! Majini hayajui methali."

Akawapa masharti. Kesho mkahawa usifunguliwe kwa wateja, lakini kengele isitolewe, maana mgeni wa namna hii hutoka kwa kengele alivyoingia kwa kengele. Shangazi awe na ndimu mdomoni. Mgeni mwenye adabu akiinuka huacha sahani ya mwenyeji wake, kwa hiyo jini likiinuka, ladha zitarudi. "Lakini kuinuka siyo kutoka," alisema, akimnyooshea Dada Karibu kidole. "Kengele ikilia ndipo limetoka. Na wewe, kesho, neno lile usilitamke humu ndani. Hata mimi nikiingia, usiniambie."

"Sitasema, mama."

"Kula yamini."

Alikula yamini.

Siku ya tano, saa saba kasoro, jua likiwa kali nje na viti vyote vimepinduliwa juu ya meza isipokuwa kiti kimoja, walingoja, Mama Cherehani akiwa pamoja nao. Shangazi alikuwa kwenye kigoda karibu na dirisha la jikoni, nusu ya ndimu shavuni. Moshi alishika jembe aliloazima kwa mtunza bustani wa shule ya jirani, bado lina udongo. Dada Karibu alibana midomo kwa meno mpaka ikauma.

Kiti kikavutwa.

Harufu ilikuja polepole, kwanza kama chuma kinachopata moto, kisha sufuria, kisha sufuria na kitu ndani yake ambacho hakikuwa chakula, na friji ya soda ikaanza kutetemeka chupa zikigongana, na juu ya meza, kwenye plastiki iliyofutwa muda si mrefu, ikatokea alama ya viwiko viwili vikiegemea, kisha viganja, vidole virefu mno vikitanda, vikigonga meza taratibu kama mteja aliyecheleweshewa chakula chake.

"Sasa," Mama Cherehani alinong'ona.

Shangazi alilichukua jembe. Alililaza juu ya meza, pale ambapo sahani ingekaa.

"Mgeni wetu," alisema, "umekula, umeshiba. Leo kazi."

Vidole vikaacha kugonga. Mpini wa jembe ukaanza kupasuka katikati, ukilia kama kuni mbichi. Kisha kiti kikaanguka chali. Harufu ile ikampita Dada Karibu usoni, ya moto, karibu imchome nyusi, ikaelekea upande wa mlango.

Shangazi alipiga kelele.

Walimkimbilia wote. Alikuwa ameshika mashavu, machozi yanamtoka, uso wote umejikunja kama wa mtoto aliyenyweshwa dawa.

"Chachu!" alilia. "Ni chachu, jamani! Na midomo inaniuma! Leteni chumvi!"

Moshi akaleta chumvi, sukari, pilipili, akiangusha vifuniko njiani. Shangazi akalamba chumvi, akacheka. Akalamba sukari, akamkumbatia mpwa wake akamlamba na shavu. "Na wewe una chumvi," alimwambia, "ulikuwa unalia tangu lini?" Dada Karibu alijifuta shavu kwa kiganja. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakujua ulivyokuwa umemlemea. Moshi alimwuliza Mama Cherehani kama majini hulipa watu jembe likivunjika. Hata yule mama alitabasamu.

"Mimi nina gauni la watu," alisema, akikusanya miwani na futi yake. "Kaeni salama."

Mazoea yana taabu. Mkahawa ulikuwa na vumbi la udongo, na Dada Karibu hakuweza kuona meza chafu akaiacha. Alichukua kitambaa, akainamia meza ya saba, akaisugua kwa nguvu na furaha, mgongo ameupa mlango. Nyuma yake kengele ikalia. Mlango ukafunguka, hewa ya moto ya nje ikaingia. Na ile miaka mitatu ikamjibia, kwa sauti yake ile safi ya kuvuka mto:

"Asante, karibu tena!"

Bomba la maji lilisikika likifungwa jikoni, na Mama Cherehani akachungulia kupitia dirisha, mikono imelowa, miwani ameishika kwa meno. Akaitoa.

"Binti," alisema polepole, "umemwambia nani?"

Dada Karibu aligeuka. Moshi alikuwa amechuchumaa anaokota vipande vya mpini. Mlangoni hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa unarudi wenyewe, taratibu, kama unaoachiwa na mkono, na kabla haujafika mwisho ukasimama.

Kengele ikalia mara moja. Ikalia tena. Safari hii haikungoja kuitikiwa.

Pale kwenye kigoda shangazi alikuwa bado anatafuna ndimu yake, na ganda lake na mbegu zake. Alitafuna, akatafuna, halafu uso wake ukaanza kukunjuka, mkunjo mmoja mmoja, hadi ukatulia kabisa.