Vema Kumi na Nne

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Adelfina alipitia hospitalini pamoja na mama yake. Mama Petronila alikuwa mtunza boila katika hospitali moja ya misheni, huko milimani Ngara. Boila ni pipa kubwa la chuma linalochemsha maji mpaka yawe mvuke, na kwa mvuke huo hospitali ilifua mashuka na kuua vijidudu kwenye vifaa vya upasuaji. Tangu baba afariki, mama na mtoto waliishi kwa kazi hiyo na kashamba kadogo ka migomba.

Adelfina alikuwa darasa la sita, na kazi yake hapo ilikuwa ndogo tu. Ubavuni mwa boila palikuwa na kioo chembamba kinachoonyesha kimo cha maji yaliyomo ndani. Kabla moto haujawashwa, mama akiwa anapima dizeli ya kuwashia, Adelfina alifungua koki iliyo chini ya kioo ili maji yashuke na kutoa tope. Kisha aliifunga, akayatazama maji yakipanda tena. Halafu aliweka alama ya vema kwenye daftari.

Dakika mbili, basi! Lakini rafiki yake Nice alianza kumwita nje waruke kamba kabla ya kengele ya shule. Siku ya kwanza Adelfina aliweka vema bila kugusa koki. Hakuna kilichotokea. Kesho yake akafanya vilevile. Mtoto akazoea, na huku mvua za masika zikileta maji mekundu kutoka mtoni, vema za uongo zikafika kumi na nne.

Jumatatu moto wa boila ukazimika. Boila ilikuwa na swichi ya usalama, na maji yakipungua sana ndani, swichi hiyo hukata moto yenyewe. Mama akatazama kioo, akaona maji yamepita nusu. Akawasha. Moto ukakatika. Akawasha tena, ukakatika kabla hajageuka.

Kufikia Jumatano mashuka machafu yalikuwa yamejaa hadi kwenye korido, na wagonjwa wa upasuaji walikuwa wakipelekwa Biharamulo kwa gari. Adelfina alipotoka shule alimkuta Sista Francisca, msimamizi wa hospitali, amesimama mlangoni mwa chumba cha boila.

"Petronila, leo ni siku ya tatu," alisema Sista. "Boila isipowaka leo, itabidi nitafute mtu mwingine. Unisamehe, lakini wagonjwa hawawezi kusubiri."

Sista alipoondoka, mama aliketi juu ya ndoo akashika kichwa. "Nimekwisha," alisema. "Sijui nilipokosea. Sijui kabisa." Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Adelfina alitamani ardhi ipasuke immeze.

Punde akafika fundi Juvenali kwa pikipiki.

"Shikamoo, fundi," alisema Adelfina.

"Marahaba." Akafungua kisanduku cha swichi, akapima nyaya, akainua na kushusha boya lake linaloelea juu ya maji. "Nyaya ni nzima. Boya linacheza vizuri. Sasa swichi inasema maji hayamo, kioo kinasema yamo. Kimoja kinadanganya. Kioo kimesafishwa lini?"

Mama akampa daftari. "Mwanangu hukisafisha kila siku. Tazama vema zake."

Fundi akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Basi mwongo ni swichi. Nitaunganisha waya hapa pembeni, umeme uipite swichi na moto usikatike tena, mpaka swichi mpya ije kutoka Mwanza."

"Si hatari hiyo?" mama aliuliza.

"Ni hatari kama maji hayamo. Lakini si tunayaona?"

Adelfina aliutazama waya ule. Akisema, mama atafukuzwa kazi kwa sababu yake. Asiposema, mama atawasha moto na kusimama hapo hapo mbele ya boila. Fundi alikuwa ameshakata kipande cha waya.

"Usiunganishe!" alipiga kelele. "Sijasafisha! Siku nyingi sijasafisha. Niliweka vema tu."



Juvenali akafungua koki. Halikutoka hata tone. Akachokoa tundu kwa ule ule waya, likatoka tope jekundu, zito kama uji wa ulezi. Maji ya kwenye kioo yakashuka yote. Akafunga koki, wakasubiri. Hayakupanda. Kioo kikabaki kitupu: tope lilikuwa limeyanasa humo maji ya zamani, na ndani ya boila maji yalikuwa yamekwisha.

"Yesu na Maria!" mama alisema. "Kumbe sikuwasha pampu ya kujazia maji kwa kuyaamini maji haya ya kioo!"

Juvenali akakaa chini. "Ningeunganisha waya huu, boila ingewaka kavu. Ingepasuka, mama, nasi tumo humu."

Chuma kilikuwa kimepoa, kwa hiyo wakajaza maji taratibu. Walipowasha, moto haukuzimika.

Mama akachukua daftari. Adelfina akamshika kanga. "Mama, usimpelekee Sista, atakufukuza!"

"Kazi nilikabidhiwa mimi," mama alisema. "Nikakupa wewe, nisikague." Akaenda.

Sista alisoma kurasa zile kwa muda mrefu. Hakumfukuza, ila alimwandikia barua ya onyo, na mama akaiwekea sahihi.

Asubuhi iliyofuata mama alifungua koki mwenyewe. Adelfina alikaa kizingitini na daftari, akaandika kando ya kila vema neno "Sikusafisha," mara kumi na nne. Nice alimwita na kamba yake, lakini hakuinua kichwa.

Alipomaliza, mama akachuchumaa mbele yake.

"Swichi ilituambia ukweli siku tatu nzima," alisema, "nasi tukaitafutia waya wa kuinyamazisha, kwa sababu tuliamini vema zako. Vema maana yake ni kwamba kazi imefanyika, na kuna mtu ataweka uhai wake juu ya alama hiyo. Usiiweke tena mahali ambapo hujafanya kazi, hata kama hakuna anayekuona."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe." Mama akachukua daftari, kisha akanyoosha mkono na kuchukua kalamu pia. "Lakini kalamu nitakurudishia siku nitakapoweza kukuamini."